Sauti ya Kupakua

Wiki iliyopita niliwaacha ofisini kwa meneja wa stendi, nimesimama na daftari langu kifuani kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Kwa aliyepitwa: mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza mabasi ya stendi kuu kwa miaka ishirini na miwili. Watu waliniita Kengele. Kisha uvimbe ukaota kooni, madaktari wakakata walichokata, nikarudi nyumbani na uhai wangu, na tundu shingoni. Sauti niliiacha huko huko kwenye chumba cha upasuaji.

Sasa sikilizeni alichosema meneja.

Tunamwita Mama Ratiba, kwa sababu hata chafya yake ina saa yake.

"Kengele, mimi sikufukuzi," alisema. "Lakini wakubwa wanataka kufunga kile chumba cha matangazo. Wanauliza, huyu mtu tunamweka pale anyamaze?"

Nikaandika: NIPE MUDA.

"Muda wa nini? Koo litaota upya?"

Nikaandika: HOSPITALI WAMESEMA KUNA PROGRAMU. UNAANDIKA, TABLETI INASEMA.

Akasoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Lete hicho kitu kiseme mbele yangu. Kikisema, kiti chako kipo. Kisiposema, tusilaumiane."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Habari za hiyo programu nilizipata kwa mama mmoja wa hospitali, kazi yake ni kufundisha watu kusema upya. Siku hiyo alikuwa na wagonjwa kumi na wanne wanamngoja, akaniambia mbio mbio: "Ingia duka la programu, tafuta ile ya kuandika ikasema. Ina alama ya mdomo wa bluu." Sikumwuliza jina lake. Ningemwuliza kwa kutumia nini? Kalamu ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu, na mke wangu alikuwa kwenye foleni ya dawa.

Mdomo wa bluu. Nilitoka hospitali na hilo tu.

Tableti nilipewa na dada yangu mkubwa. Ilikuwa ya wajukuu zake, kona moja imepasuka, kioo kimejaa mikwaruzo. Nikachomeka humo laini yangu ya simu na majina yote ya watu wangu. Simu ya kuongelea ningeifanyia nini tena?

Jumanne baada ya chakula cha mchana nikakaa mlangoni penye mwanga, nikafungua hilo duka. Nikaandika: programu ya kusema.

La kwanza kutokea, mchezo wa kupanga pipi. La pili, mchezo wa kupasua pipi hizo hizo. La tatu, picha ya msichana anatabasamu, chini yake pameandikwa "Pata mchumba leo". Mke wangu alikuwa anakunja nguo nyuma yangu, anachungulia juu ya bega langu.

"Hiyo ndiyo programu ya hospitali?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Mbona huyo hana tundu?"

Nawaambia, lile si duka. Duka lina mwenyewe. Unamwuliza, chumvi ipo? Anakujibu ipo, au imekwisha, njoo kesho. Hili ukiuliza chumvi linakutolea viatu, na juu ya viatu limeandika: "Huenda ukapenda hivi pia." Na kwa sababu tableti ilikuwa ya watoto, lilikuwa limeshaamua kwamba mimi ni mtoto wa miaka saba. Kila nilipogeukia, pipi.

Nikabadilisha maneno. Andika iseme. Sauti ya bubu. Kusoma kwa sauti. Mtu asiye na sauti. Hapo midomo ya bluu ikaanza kutokea, nikahema kwa faraja. Nikaihesabu. Ilikuwa kumi na saba.

Mmoja ulikuwa wa kusafisha meno kwenye picha. Mmoja wa kuimba huku maneno yakipita chini. Mmoja ulikuwa kasuku anayerudia unachomwambia, na mimi sina la kumwambia. Mmoja, nisameheni, ulitoa milio ya kujamba ya aina arobaini, na ndio uliokuwa na nyota tano kamili.

Nikigusa mmoja nisome maelezo, kisha nikarudi nyuma, orodha inaanza upya kutoka juu. Nimeshafika wa kumi na mmoja, nagusa, narudi, nipo kwa msichana anayetafuta mchumba. Nikashuka tena. Nikagusa, nikarudi, msichana huyo hapo. Kufikia alasiri nilimjua kuliko jirani zangu.

Ule wa kumi na tatu ulionekana ndio wenyewe. Picha zake zilikuwa za mgonjwa na muuguzi. Nikabonyeza "Weka".

"Programu hii haifanyi kazi kwenye kifaa chako."

Bila sababu. Hata pole hakuna.

Wa kumi na nne uliingia. Nikaandika tangazo langu nililolisema mara elfu: Basi la saa 4, mlango wa 6. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume wa ng'ambo, imebanwa puani:

"Basi la saa foo, mlangoo wa siksi."

Mke wangu akaangua kicheko mpaka akaketi chini. "Abiria wa saa foo! Jamani, saa foo ndiyo saa ngapi?" Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaniona uso, akarudi kwenye nguo zake.

Wa kumi na tano ulijua Kiswahili vizuri, ukasema sentensi moja, ukafunga, ukadai kadi ya benki. Sina kadi ya namna hiyo. Wa kumi na sita ulidai nitafute nafasi kwenye tableti. Nikafuta michezo yote ya wajukuu, nikafuta na picha za harusi ya mpwa wangu. Ukadai tena.

Miaka ishirini na miwili nimewatangazia watu. Siku hizo mbili nikalipwa kwa kutangaziwa mimi: sabuni, mikopo, viatu, dawa za nywele. Kila tangazo lina alama ya kufungia ndogo kama jicho la sisimizi, na kidole changu ni kidole cha mtu mzima.

Jumatano jioni nikamwandikia binti yetu aliye chuoni. Yeye ndiye mjuzi wa mambo hayo.

"Baba, nina mitihani mpaka Jumamosi," akajibu. "Jumapili nakuja, nitakutafutia mwenyewe. Tafadhali usiweke kitu usichokijua. Kuna programu za wezi humo."

Nikamwandikia: "Sawa mwanangu."

Hapo ndipo penye dhambi yangu. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo wake hawakusema kitu, labda waliona aibu. Sikumwambia habari ya Ijumaa. Sikutaka mtoto ajue kwamba babake anafanyiwa mtihani kama yeye.

Alhamisi asubuhi nilifungua duka bila hamu. Safari hii, kabla sijaandika neno, likaniletea lenyewe. "Tumekuchagulia." Mdomo wa bluu, mzuri, unameremeta. Jina lake: Rudisha Sauti Yako.

Maelezo yalikuwa ya Kiswahili, cha kuungaunga lakini Kiswahili. Umepoteza sauti? Tupe sauti yako ya zamani, tutakurudishia. Si sauti ya ng'ambo. Yako.

Nilisoma neno hilo, "yako", mara tatu.

Maoni ya watu yalikuwa sita tu. Matano yalisema "nzuri sana nzuri sana". La sita lilisema "Msiweke hii". Halikusema kwa nini. Nikajiambia, huyo ana wivu. Mtu mwenye njaa hasomi maoni, anakula.

Nikabonyeza. Ikauliza: Ruhusu kusikiliza? Kubali. Ruhusu mafaili? Kubali. Ruhusu majina na namba? Kubali. Ruhusu kupiga simu? Kubali. Nilikubali haraka kuliko nilivyokubali siku ya ndoa yangu.

Kisha ikaomba sauti yangu ya zamani. Muda usiopungua nusu saa.

Nitaitoa wapi? Stendi hawakuwahi kunirekodi. Ndipo nikaikumbuka simu ya mke wangu. Nilipokuwa kazini nilizoea kumtumia ujumbe wa sauti, maana kuandika sikukupenda. Nikaenda jikoni na daftari: ULE UJUMBE WANGU WA ZAMANI BADO UNAO?

Akashtuka. Akaficha mikono kwenye kitambaa.

"Ninao wote," alisema taratibu. "Tangu mwaka juzi. Huwa nausikiliza ukilala."

Sikujua hilo. Nikanyoosha kiganja, nikaomba simu.

"Mtoto ameiona hiyo programu?" akaniuliza alipokuwa akinipa simu.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Nilitia ujumbe sitini na mmoja. Sikuusikiliza, nilichelea kusikia. Niliusukuma wote kama ulivyo, kama mtu anayemwaga gunia. Programu ikazunguka, ikazunguka, mpaka adhuhuri. Halafu ikasema: Tayari. Andika.

Nikaandika kitu cha kwanza kilichonijia. Nikabonyeza.

"Mama watoto, chai imepoa."

Ilikuwa mimi. Mkwaruzo wangu, ule uvivu wangu mwishoni mwa neno. Jikoni sufuria ikaanguka. Mke wangu akaja mbio, akasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Sema tena," akasema.

Nikabonyeza. "Mama watoto, chai imepoa."

Alilia kilio ambacho hakulia hata hospitali. Mchana ule tulifanya mambo ya kipuuzi. Nilimwandikia matani ya ujanani, yakatoka kwa sauti yangu, akanipiga mgongoni kwa khanga. Kama kuna siku moja ya mwaka huu ningependa kuirudia, ni hiyo, na ndiyo siku niliyotuangamiza.

Ijumaa saa nne na dakika tano nilikuwa stendi, juu kwenye chumba cha matangazo, shati limepigwa pasi. Fundi wa vipaza sauti akaunganisha waya kwenye tableti. Mama Ratiba akasimama nyuma yangu, saa mkononi.

"Haya, Kengele. Tuone."

Nilikuwa nimeshaandika. Nikabonyeza.

"Abiria wa basi la saa nne na nusu, mlango wa sita. Abiria wa saa nne na nusu, mlango wa sita. Usisahau mzigo, usisahau mtoto."

Nilisikia sauti yangu ikiruka juu ya mabati ya stendi nzima. Wapagazi waliinua vichwa. Mama mmoja muuza chai akapiga kelele kutoka chini, "Kengele! Kengele huyo!" Watu wakapiga makofi. Nikageuka, nikamwona Mama Ratiba anafuta miwani ambayo haikuwa na ukungu.

"La saa tano kasorobo," alisema kwa sauti ndogo. "Tangaza na hilo."

Nikaandika. Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheupe. Kikaandika: Muda wako wa kujaribu umekwisha. Kisha, kabla sijafanya lolote, vipaza sauti thelathini na viwili vya stendi kuu vikanguruma kwa sauti ya mwanamke mchangamfu:

"Je, unasumbuliwa na choo kigumu?"

Nilitafuta ile alama ya kufungia. Nikaigusa, nikakosea, likafunguka duka la programu, msichana yule anatabasamu. Nikarudi nyuma.

"Je, unasumbuliwa na choo kigumu?"

Stendi nzima ikacheka. Wengine wakajibu, "Ndiyo!" Fundi akapapasa waya, akavuta usio wenyewe, taa zikazimika, sauti ikabaki. Mara ya nne ndipo ilipokatika.

Katika vurugu hiyo, basi la saa tano kasorobo likaondoka na viti kumi na tisa vitupu. Wenyewe walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakicheka. Walipogundua, hawakucheka tena. Walipanda ngazi mpaka mlangoni kwetu, mbele yao mama mmoja aliyekuwa anawahi maziko ya mdogo wake.

"Nani aliyekuwa anachezea spika?" alipaza sauti. "Nani? Ndugu yangu wanamzika saa nane!"

Sikuwa na sauti ya kumwomba radhi. Niliweka mkono kifuani, nikainama. Akaliona tundu la shingo, akageuka akaondoka, na heri angenitukana.

Mama Ratiba alinyoosha kiganja. "Funguo," alisema.

Nikampa funguo za chumba cha matangazo.

"Ulijitahidi, Kengele," akasema. "Lakini mimi naendesha stendi."

Nilikaa kwenye benchi la nje kama mzigo uliosahauliwa. Nikafungua duka nitafute njia ya kuirekebisha ile programu. Nikaandika jina lake, herufi kwa herufi. Pipi. Nikaandika tena. Kasuku. Nikatafuta kwenye orodha ya nilivyopakua, nikaipata alama yake imepauka. Nikaigusa.

"Programu hii haipo tena dukani."

Jana ilikuwapo. Nikafikiri, basi, wamefilisika kama mimi. Hapo ndipo ujinga wangu ulipofikia. Sikujiuliza mtu afunge duka siku moja baada ya kupokea mzigo, huo mzigo kaupeleka wapi.

Nikaenda nyumbani kwa miguu. Nilifika saa saba hivi.

Dada yangu mkubwa alikuwa sebuleni, amevaa gauni lake la kutokea, uso umefunguka kama wa bi harusi. Anaishi mwendo wa saa nzima kutoka kwetu na huwa haji bila kutangulia kuarifu. Mke wangu alikuwa amesimama kando yake na birika, amechanganyikiwa.

"Mdogo wangu!" dada akaruka, akanikumbatia. "Mbona umerudi mapema? Ulisema utakuwa kazini mpaka jioni, nikaja nikungoje! Hebu sema, niisikie hiyo sauti kwa masikio yangu. Kwenye simu nilidhani naota."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama mimi.

"Dada anasema umempigia simu asubuhi," mke wangu akasema polepole.

Nikachukua daftari. Nikaandika: SAA NGAPI?

Dada akasoma, akacheka. "Unaandika tena kwa nini? Saa mbili. Kwa namba ngeni, ukasema simu yako mbovu, umeazima. Ukaniita 'dada mkubwa wangu' na kile kicheko chako. Nililia mimi! Nikamwita jirani aje asikie."

NILISEMA NINI?

Kicheko kikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo.

"Si habari ya nyumba ya marehemu mama. Kwamba kuna mtu wa ofisi ya ardhi, rafiki yako, atatusaidia kuiandika upya kwa majina yetu sisi wawili. Nimpe hati. Na ukataja nilipoificha, ndani ya mto wa kiti cha baba. Nani mwingine angejua?"

Nilijua mara moja. Katika ule ujumbe sitini na mmoja, mmoja niliutuma mwaka jana mama alipofariki. Mama watoto, hati ya nyumba dada kaishona ndani ya mto wa kile kiti cha baba, usimwambie mtu. Nilikuwa nimeumwaga humo pamoja na mingine.

HATI IKO WAPI?

"Nimempa," dada alisema. Sasa alikuwa amekaa. "Alikuja mwenyewe na gari. Mtu mpole, ana tai. Akasema kilichobaki ni kitambulisho chako tu, na wewe umeshamwambia mkeo atampa. Akanileta mpaka hapa."

Mke wangu akaweka birika chini. "Yuko wapi huyo mtu?"

"Kule mwisho wa mtaa, njia yetu ni finyu. Anageuza gari."

Simu ya mke wangu ikalia juu ya meza. Namba ngeni. Hakuna aliyejongea. Ikalia mpaka karibu ikate, ndipo akaipokea, akaifungulia tusikie wote.

"Mama watoto," sauti ikasema. "Ni mimi."

Ule mkwaruzo. Ule uvivu mwishoni mwa neno. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mdomo wangu umefumba, naye ananiangalia machoni huku ananisikia sikioni.

"Usishangae namba. Niko kazini, nina haraka. Kuna bwana anakuja hapo mlangoni, mpe kitambulisho changu kile cha kwenye droo. Usimwulize kitu. Umenisikia, mama watoto?"

Nilifungua mdomo nipige kelele. Upepo ukatokea shingoni.

Mke wangu akaiweka simu mezani.

"Umenisikia?" nikauliza tena kutoka kwenye simu.

Na mlangoni mtu akapiga hodi.